Mbwa Aliyeogopa Kulowa

Kwa miaka mitatu ya kwanza niliyofanya kazi Kisumu, nilitembea kwa macho ya binamu yangu. Mimi nilipofuka nikiwa darasa la kwanza, baada ya kuugua surua, kwa hiyo kutembea nikiwa nimeshika bega la mtu halikuwa jambo geni kwangu. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kaloleni. Kila asubuhi alinifikisha ofisini, kisha akaenda sokoni kuuza vitenge. Jioni alinipitia, tukarudi nyumbani tukiwasengenya watu wote tuliokutana nao mchana.

Kazi yangu ilikuwa ya simu. Nilikaa kwenye swichibodi ya kampuni moja ya Wahindi iliyouza mashine za kusaga unga, na kazi hiyo niliipenda sana. Mteja akipiga kutoka Kombewa au Kakamega, nilimjua kabla hajamaliza kusema halo. Wengi hawakujua kwamba sioni, na wachache waliojua walisahau.

Kisha binamu yangu akaposwa na mwalimu wa Asembo Bay. Siku aliyoniambia nilimkumbatia, nikacheka, nikamuuliza kila kitu kuhusu huyo bwana hadi urefu wa pua yake. Halafu nikaenda penye jiko, nikasimama pale muda mrefu nikijifanya natafuta chumvi.

"Dada, naweza kumwambia asubiri," akasema nyuma yangu.

"Asubiri nini? Mpaka nione?"

Tukacheka wote wawili, na shule zilipofungwa akaolewa.

Nikabaki na fimbo nyeupe. Fimbo ni kitu kizuri, lakini Kisumu ya wakati ule haikujengwa kwa kuifikiria fimbo. Mitaro mingi ilikuwa wazi. Isitoshe, fimbo hugusa kilicho chini tu. Haina habari na mkokoteni uliobeba mabati, wala kioo cha lori kilichochomoza usawa wa uso. Wiki ya kwanza nilivunja kisigino cha kiatu. Wiki ya pili nilitumbukia mtaroni hadi magotini, nikafika kazini nikinuka, na siku nzima nikapokea simu kwa sauti tamu kabisa.

Mbwa aliletwa na askari wa ofisi yetu, mtu wa Mamboleo. Tajiri mwenye kampuni alitaka mbwa wa kulinda ua, askari akaja naye ndani ya gunia. Aliniambia ana rangi ya chai ya maziwa, na kwamba sikio lake moja limesimama na lingine limelala. Baada ya mwezi mmoja, askari alikuwa amekata tamaa.

"Hii mbwa ni hasara tupu, madam," alinilalamikia. "Mwizi akikuja, yeye ndiye atamwonyesha mlango. Hata kubweka hajui."

Mchana nilizoea kula chakula changu uani, nimekaa juu ya kreti, na vichwa vya samaki nilimtupia mbwa huyo. Sikuwa na nia nyingine. Lakini baada ya siku chache akaanza kunisindikiza hadi getini, kisha hadi barabarani, na jioni moja nikasikia kucha zake zikikwaruza sakafu ya kibaraza changu Kaloleni. Nilimfukuza. Akaenda hatua tatu, akalala.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kazini pamoja, yeye akiwa mbele kidogo upande wangu wa kushoto. Tulipokaribia kona ya duka la mkate, alisimama ghafla, nami nikamkwaa, nusura nianguke. Nilimtukana kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Kisha nikanyoosha fimbo mbele yake, fimbo ikazama. Walikuwa wamechimba barabara tangu jana ili kupitisha bomba, na shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua.

Ningependa kusema kwamba aliniokoa kwa mapenzi. Ukweli ni kwamba mbwa huyo alichukia kulowa. Niligundua hivyo baada ya siku kadhaa za kumchunguza. Palipokuwa na dimbwi, alizunguka. Palipokuwa na mtaro, alisimama na kutafuta daraja. Hata umande ulimfanya ainue miguu juu juu kama bibi harusi. Alikuwa akijitunzia nyayo zake tu, na mimi nikafaidika.

Lakini wakati huo nilikuwa nikipata kwa posta jarida la maandishi ya nukta, kutoka ng'ambo, na ndani yake niliwahi kusoma kuhusu vipofu wanaoongozwa na mbwa. Nililitafuta toleo hilo chini ya kitanda, nikalisoma tena kwa vidole, mara tatu. Lilisema mbwa wa namna hiyo hufunzwa na wataalamu kwa miezi mingi, na kwamba huchaguliwa kwa ukoo wake. Wangu alikuwa amechaguliwa kwa gunia. Hata hivyo nikasema tujaribu.

Tulianza Jumapili, barabara zikiwa tulivu. Nilimfunga kamba, na mfukoni nikaweka vipande vya samaki mkavu. Kuondoka alikujua kwa Kijaluo, maana mimi nilimwambia "wadhi," yaani twende. Kusimama alikujua kwa Kiswahili, maana askari alikuwa amemzoesha "simama!" tangu zamani. Jina sikumpa. Nilimwita "wewe," na aliitika vizuri kuliko watu wengi wenye majina matatu.

Kamba ilikuwa na tatizo moja: ililegea, nami sikuweza kujua amegeukia wapi. Jarida lilieleza kwamba panahitajika mpini mgumu. Basi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nyuma ya kituo cha mabasi, nikamweleza.

"Mama, unataka nikutengenezee mbwa mwenye hendo?"

"Hasa."

Alicheka hadi akalazimika kuweka vyuma vyake chini. Lakini alinitengenezea. Alikata usukani wa baiskeli kuukuu, akaukunja, akaufunga kwenye mikanda ya tyubu. Mara ya kwanza nilipoushika, mbwa akageuka kushoto na mkono wangu ukageuka pamoja naye. Nilisimama katikati ya kelele za mafundi na nyundo zao, mwili wote ukinisisimka. Tangu nipofuke sikuwahi kujua barabara inakoelekea kabla ya kuambiwa.

Mikanda ile ya tyubu, hata hivyo, ilimchubua kifua. Hapo ndipo nilipopata kumfahamu vizuri fundi cherehani wa Kaloleni.

Alikuwa mzee Mwislamu, kibaraza chake kikiwa kwenye njia yangu, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nimesikia cherehani yake ikinyamaza kila tulipopita. Nilidhani ananionea huruma. Siku moja akaniita.

"Binti yangu, nisamehe, sisemi kwa ubaya. Mbwa wako akinigusa kwa mate nikiwa naelekea msikitini, itanibidi niifue kanzu hii mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Na mimi kanzu ninazo mbili tu."

Nilimwomba radhi. Tukakubaliana kwamba akituona atasema yuko upande gani, nami nitamvuta mbwa upande wa pili. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi nilisikia, "Niko kulia, binti! Piteni!" Nami nikajibu, "Tumepita, Mzee!" Baada ya mwezi, asipokuwapo, asubuhi yangu haikuwa kamili.

Ni yeye aliyeuliza kwa nini mbwa anatembea akijikuna kifua. Nilipomweleza kuhusu mikanda, alifikiri.

"Nitakushonea mkanda wa kitambaa, uwe na pamba ndani. Lakini vipimo lete wewe. Mimi simkaribii."

Nilimpima mbwa kwa viganja, nikarudi kibarazani. "Kifua, viganja vitatu na vidole viwili."

"Viganja vyako au vyangu?"

"Vyangu, Mzee."

"Basi weka mkono hapa juu ya meza," akasema, akapima kiganja changu kwa futi yake. Mkanda ulimkaa mbwa sawasawa. Mzee alikataa kupokea chochote isipokuwa ahadi kwamba hautarudi kwake kwa ukarabati ukiwa umeshavaliwa.

Miaka ikaenda. Mji ulituzoea. Waendesha baiskeli za abiria, walipoanza kuwa wengi, walipiga kelele tukitokea: "Pisheni polisi!" Watoto wa Kihindi waliokaa karibu na ofisi walitoka kumsalimu mbwa kabla ya kunisalimu mimi. Tajiri alikuwa amenung'unika mwanzoni kuhusu mnyama ndani ya ofisi, lakini akaacha baada ya kuona kwamba sichelewi tena hata siku ya mvua kubwa. Mbwa alilala chini ya meza ya swichibodi, kidevu juu ya kiatu changu, na simu ziliponizidi nilihisi pumzi yake ikinipasha vidole vya mguu nikatulia.

Kosa lake kubwa lilikuwa tumbo. Jumamosi tulifunga kazi saa saba mchana, na nilikuwa na desturi ya kwenda ufukoni kula samaki kwa akina mama waliokaanga pale karibu na maji. Mbwa aliijua Jumamosi kuliko mimi. Kuna wakati aliikosea akaiona Alhamisi kuwa Jumamosi, na badala ya kunipeleka nyumbani akanipeleka moja kwa moja hadi kwenye karai la mafuta moto. Nilikuwa nikiwaza mambo yangu, nikashtukia harufu.

"Karibu, customer!" mama mmoja akaniita. "Leo umekuja siku mpya."

"Sikuja. Nimeletwa."

Basi nikala. Ungefanya nini?

Halafu magugu-maji yakaingia ziwani. Mwanzoni watu waliyataja kama habari ya mahali pengine. Baadaye yakafunika ghuba yote. Wavuvi walishindwa kupitisha mitumbwi, na akina mama wa samaki wakawa wanahamahama wakifuata mahali boti zilipoweza kutia nanga. Niliyasikia hayo yote kwenye simu, maana wateja wetu wa ufukoni hawakuzungumza jambo lingine. Lakini sikuwahi kuyagusa, na kichwani mwangu yalikuwa majani tu yaliyoelea hapa na pale.

Jumamosi moja tulishuka ufukoni kama kawaida. Mahali pa akina mama palikuwa patupu. Mbwa alinusa chini, akazunguka, kisha akashika njia kuelekea kwenye maji, ambako zamani palikuwa na gati dogo la mawe. Harufu ya samaki ilitoka upande huo, mbali kidogo, ng'ambo ya kighuba. Nilifuata. Nyayo zangu zikaanza kukanyaga ardhi laini. Nikasikia vyura, karibu mno, na chini ya sauti ya vyura nikasikia maji yakilamba kitu polepole.

"Simama," nikasema.

Alisimama. Kisha akavuta tena, taratibu, kwa uhakika wake wote.

Nilisita. Kila kitu masikioni mwangu kilisema hapo ni ziwa. Lakini nikajiambia kwamba mbwa huyu, kwa miaka saba, hajawahi kutia hata ukucha kwenye maji kwa hiari yake. Yeye anaona, mimi sioni. "Haya, wadhi," nikasema.

Akapiga hatua mbili, na mpini ukachomoka mkononi mwangu kuelekea chini. Nami nikafuata hadi kiunoni.

Alikuwa ameona kijani. Mbele yake palikuwa na uwanja mpana wa majani, umetulia, hauna dimbwi hata moja. Kwa macho yake ulikuwa njia nzuri kuliko barabara zote za Kisumu. Sasa alikuwa ndani ya kitu alichokichukia kuliko vyote duniani, mizizi imemzonga miguu na usukani wa baiskeli ukimvuta chini. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alibweka. Alibweka kwa sauti nzito ya kiume ambayo sikuitarajia kabisa, kama mzee aliyeamshwa kwa maji ya baridi.

Mimi niliweza kusimama, matope yakinifika magotini. Nikafuata sauti yake, nikaipapasa mizizi ile iliyojaa utelezi, nikaupata mkanda wa kitambaa. Ng'ambo akina mama walikuwa wametuona, wote wakipiga kelele kwa pamoja.

"Mama, usiende mbele! Rudi nyuma!"

"Kushoto kwako kuna jiwe!"

"Shika mkia!"

Sikushika mkia. Nilipitisha mikono chini ya kifua chake, nikambeba kama mtoto, nikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kisigino changu kikagonga jiwe. Nilikuwa nikimwambia njiani, "Tulia, wewe, tulia, ninajua njia," na ni kweli niliijua: vyura mbele, kelele za mji nyuma, jua shavuni upande wa kulia. Tulipofika pakavu tukaanguka pamoja. Akajikung'uta maji yote usoni mwangu, kisha akaweka kichwa chake kwapani kwangu akabaki hapo akitetemeka.

Akina mama walizunguka wakatufikia. Walituosha kwa maji ya ndoo, mmoja akanifunga leso yake, na mwingine akacheka hadi akakaa chini.

"Nimeona mengi kwenye hili ziwa," akasema akijifuta machozi, "lakini mtu akibebana na mbwa wake mwenye hendo, sijaona."

Tulikula samaki siku hiyo bila kuulizwa kitu. Mbwa alipewa mzima.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jumatatu asubuhi tulipofika penye bustani ya manispaa, ambayo tuliikata kila siku ili kufupisha njia, mbwa alisimama. Nikasema "wadhi." Hakwenda. Nikanyoosha fimbo mbele yake: nyasi. Nyasi za kawaida, zimekatwa juzi. Alikuwa ameamua kwamba kila kilicho kijani ni ziwa.

Kwa wiki nzima tulizunguka kila kipande cha nyasi kati ya Kaloleni na mjini, na kazini nikafika nimechelewa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka. Mimi nami nilikuwa na somo langu la kujifunza. Siku ile masikio yangu yaliniambia ukweli nikayanyamazisha kwa sababu nilikuwa nimezoea kuonyeshwa njia. Nilikuwa nimemwachia yeye peke yake kazi ya watu wawili.

Fundi cherehani aliposikia habari hizo, alifunga cherehani yake jioni na kutufuata hadi kwenye bustani ile, akiwa amebeba kiti chake.

"Nitakaa hapa, mbali," akasema. "Wewe vua viatu utangulie. Mwonyeshe."

Basi nikatangulia mimi. Nilitembea juu ya nyasi peku, kinyumenyume, nikimwita mbwa, huku mzee akinielekeza kutoka kitini. "Anainua mguu... ameuweka... ameurudisha. Mwite tena. Kushoto kidogo, binti, utakanyaga mavi ya ng'ombe." Ilituchukua jioni nne. Siku ya nne mbwa aliweka miguu yote minne juu ya nyasi, akanusa, kisha akajilaza na kujigaragaza mgongo chini, na mzee akapiga makofi kwa furaha kama yuko mpirani.

Kuanzia hapo tulitembea tofauti. Niliposikia jambo ambalo yeye hakulijua, nilisema "simama" na nikamaanisha. Aliposimama yeye, sikubishana. Mara chache tulikosana katikati ya njia, kila mmoja akishikilia lake, na wapita njia wakatuona tumesimama tukinuniana kama mke na mume waliotoka sokoni.

Alifanya kazi kwa karibu miaka miwili zaidi. Kisha viungo vikamkaza. Asubuhi za baridi aliinuka kwa shida, naye alikuwa hajui kukataa kazi. Nikampeleka Kombewa kwa mama yangu. Mama alikubali kwa sharti moja, akalitaja mara tatu: mbwa hataingia jikoni kwake.

Mama alinipigia simu ofisini mara moja kila wiki kutoka sokoni Kombewa. Wiki ya tatu nilisikia analalamika kabla sijamaliza kutaja jina la kampuni.

"Mbwa wako amekula mayai."

"Mangapi?"

"Yote. Na sasa mvua inanyesha, ananiangalia."

"Anakuangalia akiwa wapi, Mama? Si uko mbali na nyumbani?"

"Leo asubuhi, nasema. Kabla nitoke."

"Alikuwa wapi?"

Nikamsikia akiongeza sarafu kwenye simu.

"Karibu na moto," akasema. "Na usianze."

Nilikwenda kumwona kila mwisho wa mwezi. Hakukimbia kunipokea, alikuja polepole, akakaa juu ya viatu vyangu na kuniegemea kwa uzito wake wote. Jioni tulitembea hadi shambani bila mpini, mkono wangu mgongoni mwake, tukisimama popote alipotaka kusimama.

Alikufa msimu wa mvua ndefu, usingizini. Mama ndiye aliyenipa habari, kwa simu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilishindwa kuunganisha laini. Nilikwenda kwa msimamizi mpya, kijana aliyekuwa hajamaliza hata mwezi pale, nikaomba ruhusa ya siku moja.

"Pole sana," akasema. "Ni nani aliyefariki?"

"Ni mtu wa nyumbani," nikamjibu. "Tulifanya kazi pamoja hapa."

Akanipa siku mbili.